Kanuni ya Njia Panda

Fundi wa friji aliyeitwa Injini hakupewa jina hilo na watu. Alijipa mwenyewe, akalirudia mpaka watu wakachoka kumpinga. Alianza na baiskeli ya kwendea kazini, akanunua nyingine nyembamba ya mbio, kisha ya tatu yenye vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma, na kila aliponunua baiskeli domo nalo liliongezeka. Ukimpelekea friji isiyogandisha, ungesikia habari za gia na milima kabla hajaugusa mlango wake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichojaa mitungi ya gesi na milango ya friji iliyong'olewa, na ukutani ilining'inia picha yake mwenyewe akiwa amenyanyua baiskeli juu ya kichwa. Sina ugomvi na mtu anayejipenda. Ninachosema ni kwamba wateja walikuja na nyama inayoharibika, na bado walisimamishwa kuitazama ile picha.

Dada yake hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi, mkubwa kwa Injini kwa miaka mingi, na mama yao alipofariki ndiye aliyebaki kuwa mama. Alipotimiza hamsini alisema anataka kitu kimoja tu: kuvuka milima kwa baiskeli, kutoka upande huu mpaka ule, kabla magoti hayajamkatalia. Mumewe alicheka. Watoto wakacheka. Injini hakucheka.

"Mimi nitakupeleka, Dada," alisema, na familia nzima ilikuwa mezani. "Ukiwa na mimi huna haja ya kuogopa kitu."

Dada alimtazama kwa furaha ambayo mumewe hakuwa ameiona siku nyingi. Basi ahadi ikawa imetoka, mbele ya shemeji na mbele ya wapwa, na ahadi ya namna hiyo huwezi tena kuirudisha mfukoni.

Siku ya kwanza, wakiwa bado kwenye vilima vya chini, walipotezana. Injini alitangulia kama kawaida yake, akashika njia ya kulia. Dada alipofika akashika ya kushoto. Mchana wote ukaishia kwenye kutafutana, kila mmoja akiuliza wapita njia kama wamemwona mwenzake. Walipokutana Dada hakugomba. Alishusha baiskeli yake, akanywa maji, kisha akatumia ile sauti yake ya wodini ambayo hata madaktari walikuwa wakiitii.

"Kuanzia leo, anayetangulia anasubiri njia panda. Njia panda yoyote ile, hata iwe ya mbuzi. Hasogei mpaka amwone mwenzake kwa macho."

"Sawa, Dada."

"Sijamaliza. Anayekuja nyuma akifika asimkute mwenzake, haendi mbele. Atajua mwenzake ameanguka mahali, ataanza kumtafuta. Umenielewa?"

"Na wa mbele akichoka kusubiri?"

"Hachoki. Sema umenielewa."

"Nimekuelewa."

Na Injini aliishika kanuni hiyo vizuri sana, kwa sababu ilimfaa. Kusubiri kulimpa nafasi ya kuonekana anasubiri. Dada alipotokea kwenye kona, uso umemwiva, anahema, alimkuta mdogo wake amekaa juu ya jiwe, miguu ameikunja, anakula chungwa. Hapo Injini alimpiga picha, akajipiga na yeye mwenyewe, na jioni picha zote zikaenda kwenye kundi la familia: Dada akipanda mlima huku amekunja uso, Injini akitabasamu. Dada mwenyewe aliandika chini yake kwamba bila mdogo wake asingefika popote. Aliamini hivyo kweli.

Asubuhi ya kupanda kilele, mbingu ilikuwa nyeusi kuanzia huku mpaka kule. Walikuwa wamelala kwenye hema kando ya shule iliyofungwa kwa likizo, na Dada aliposimama nje akatazama juu, alirudi ndani akakaa.

"Tupumzike leo," alisema. "Mlima hauendi popote."

"Mvua ni maji tu, Dada."

"Maji ya baridi."

"Baridi ndiyo kazi yangu."

Alicheka mwenyewe kwa mzaha wake. Dada naye akatabasamu, akaanza kufunga mizigo. Waligawana kama walivyozoea: vyakula, jiko na sanduku la dawa kwa Dada, hema, turubai na vifaa vya matengenezo kwa Injini, kwa kuwa ndivyo vizito na yeye hakuwa tayari mtu mwingine abebe kizito. Wakaondoka mvua ikiwa ndiyo kwanza inadondoka.

Katikati ya mlima haikuwa tena inadondoka. Ilikuja kwa ubavu, ikaingia kwenye mikono ya koti la mvua, ikashuka kiunoni, ikajaa kwenye viatu. Injini alimwacha Dada nyuma mapema, maana kwenda polepole kulimuumiza zaidi kuliko kwenda haraka, na kona mbili tatu baadaye alipogeuka hakuona kitu ila ukungu. Aliendelea. Vidole vilikataa kubadili gia, ikabidi aisukume kwa kiganja. Mnyororo ulilia kwa kukosa mafuta. Kisha mvua ya mawe ikaanza, mawe madogo kama punje za mahindi, yakimpiga masikioni na kwenye mapaja, na kwa mara ya kwanza katika safari nzima Injini alishuka akasukuma.

Alijikaza kisabuni mpaka kona moja, halafu nyingine. Kwenye ile ya tatu magoti yalimwisha kabisa. Alilaza baiskeli chini ya ukingo wa udongo, akajikunyata pembeni yake akitetemeka, meno yanagongana bila ruhusa yake. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia wateja kwamba baridi si kitu, ni joto tu lililoondolewa. Sasa alikuwa anaondolewa lake. Aliogopa, na tusimcheke kwa hilo; mlima ule umewahi kuwaogopesha watu wenye akili kumzidi.

Ndipo akasikia gari. Pikapu ilitokea kwenye ukungu ikipanda kwa gia ya kwanza, nyuma imejaa kabichi mpaka juu ya vyuma, na dereva, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, alishusha kioo kidogo.

"Panda, bwana. Utakufa hapo. Baiskeli itupe nyuma juu ya kabichi."

Mdomo wa Injini ulikuwa mgumu. Alinyanyua baiskeli na mizigo yake yote, sijui kwa nguvu gani, akaibwaga nyuma. Alipofungua mlango wa mbele joto la hita lilimpiga usoni, akasikia machozi yanataka kumtoka kwa utamu wake.

"Nimempita mama mmoja kule chini, naye ana baiskeli," dereva alisema huku akifuta kioo kwa kitambaa. "Anasukuma tu. Nikamwambia apande, akakataa katakata. Eti mdogo wake yuko mbele anamngoja njia panda, akipanda gari watapishana." Alicheka, lakini kwa wema. "Nikamwambia, mama, kwa mvua hii huyo mdogo wako ameshajificha mahali zamani. Akaniambia, wewe humjui. Huyo ni injini, hachoki." Akamgeukia. "Ni wewe?"

Injini alikuwa na mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Hapana," alisema. "Mimi niko peke yangu."

Sitamtetea. Nitasema tu hesabu aliyoipiga kichwani, kwa sababu mtu akitenda jambo la aibu huwa hakosi hesabu. Njia panda ilikuwa juu kidogo tu, kileleni penyewe. Angeshuka pale, angefunga turubai lake kwenye kibao cha barabarani, angemsubiri Dada akiwa amepata joto kidogo, na Dada angefika amkute kama siku zote. Nani angejua? Dereva angekwenda na kabichi zake. Kusema "ndiyo" kungekuwa kumwambia mtu asiyemjua kwamba injini imezimika, na Dada bado anasukuma.

Lakini walipofika kileleni mvua ya mawe ilikuwa imezidi, inapiga bati la pikapu hata hawasikilizani. Injini alikiona kibao, rangi imebanduka, njia moja ikishuka kwenda mjini na nyingine ikienda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, na chini ya barabara mteremko mkali wenye vichaka. Alifungua mdomo. Angesema nini? Mtu aliye peke yake hana sababu ya kushuka mahali pasipo na nyumba wala mti, katika mvua ya mawe. Dereva angeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa moja tu. Alitazama kibao kikija, kikapita dirishani kwake, akageuza shingo kukifuata mpaka ukungu ukakimeza.

"Umesahau kitu?" dereva aliuliza.

"Hapana."

Waliteremka. Ulikuwa mteremko mrefu wa kona nyingi, mteremko ambao Injini alikuwa ameuota kwa miezi, na aliushuka akiwa ameketi, mikono kwenye mapaja, viatu vinavuja maji kwenye zulia la gari la mtu. Dereva alimsimulia habari za mkwewe aliyenunua mbuzi kiwete. Injini aliitikia pale palipostahili.

Dereva alimshusha mbele ya nyumba ya wageni kando ya soko, akaenda kupakua mzigo wake. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye funguo shingoni, alitoka barazani akamwona mwanamume aliyelowa, baiskeli imetapakaa tope, mizigo huku na huku.

"Umevuka juu na baiskeli?" aliuliza. "Leo hii?"

Hapa tena palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nafasi zilikuwa nyingi siku ile, ukizitazama vizuri.

"Siyo kazi kubwa," Injini alisema.

Mwenye nyumba aliwaita wageni wawili waliokuwa wakicheza drafti. Wakaja kumtazama, wakampiga begani, mmoja akamwita mwanamume wa shoka. Alipewa taulo, blanketi na chai ya moto, akapewa chumba akabadili nguo, shati kavu, suruali kavu, soksi kavu. Alikaa dirishani na kikombe chake, na kikombe hakikupungua. Alikuwa akiutazama mlima, lakini mlima haukuonekana. Palikuwa na ukuta wa kijivu tu nyuma ya mabati ya soko. Alijiambia Dada atapata gari. Malori si yanapita? Atachoka kusukuma, atasimamisha lori, atashuka hapa akicheka. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila alipojiambia alijua kwamba Dada hatasimamisha lori. Atafika njia panda, hatamkuta mtu, na hatakwenda mbele. Kanuni aliiweka yeye.

Simu ilipata chaji ikaanza kulia. Ujumbe wa kutwa nzima uliingia kwa mkupuo, maana kule mlimani hakukuwa na mtandao. Wa shemeji yake ulikuwa juu: "Shemeji, wametangaza mvua kubwa huko. Vipi, mko salama?"

Injini alikaa na simu mkononi. Kisha akaandika, "Tumevuka. Wazima," akatuma. Majibu yalianguka palepale, pongezi na mikono ya kupiga makofi, na katikati yake ujumbe wa mpwa wake, binti mdogo wa Dada: "Mjomba asante kwa kumtunza mama."

Aliigeuza simu ikalala kifudifudi juu ya meza. Uso ulikuwa unamwaka, masikio yanamwaka, yeye ambaye muda mfupi uliopita alidhani hatapata joto tena maishani. Mwenye nyumba akaja kuongeza chai, akakuta kikombe kimejaa.

"Una bahati ulipita," alisema. "Wamepiga simu sasa hivi, udongo umeporomoka upande wa pili, barabara imefunikwa. Hakuna gari litakalopanda kutoka kule leo. Yule wa kabichi ndiye wa mwisho."

"Wa mwisho?"

"Wa mwisho. Na hapa kwetu nani apande mlima saa hizi?"

Injini alisimama. Unaweza kudhani kwamba hapo alisema. Hakusema. Alivaa kofia ngumu na koti lake la mvua ambalo bado lilikuwa linachuruzika, akasema anakwenda kujaribu breki, akaitoa baiskeli akaelekea mlimani. Nia yake ilikuwa njema, nakubali, lakini hata katika nia njema alikuwa bado anatafuta njia ya kwenda kumwokoa dada yake bila mtu kujua kwamba alimwacha. Alipita duka la mwisho. Mlima ulipoanza alisimama kwenye pedali kama alivyozoea, na mapaja yakakataa. Alishuka akasukuma mpaka kwenye kalvati, akainama akihema, na alipoinua kichwa akaona mwanga unavyopungua. Kwa mwendo ule asingefika njia panda mpaka kesho.

Alirudi mjini. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kwenye mlango wa soko, dereva juu ya mzigo, na wapakuaji wamepanga mstari wakirushiana kabichi mkono kwa mkono huku wakitaniana. Injini alisimama chini ya gari.

"Kaka," alisema. "Yule mama."

"Nini? Sema kwa sauti, sikusikii."

Mvua ilikuwa inapiga bati la soko. Akapaza sauti.

"Yule mama wa baiskeli. Ni dada yangu. Mimi ndiye mdogo wake."

Kabichi zilisimama. Mpakuaji wa kwanza alibaki na moja mikononi, akamtazama Injini, akatazama baiskeli, akamtazama tena.

"Uliniambia uko peke yako," dereva alisema.

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

Injini alikuwa na jibu, lakini halikuwa jibu la kusemwa mbele ya watu. Sidhani kama lilisemeka hata mbele ya mtu mmoja. Alitazama viatu vyake. Dereva aliiweka chini kabichi aliyoishika, polepole, kama anayeweka yai.

"Njia panda nimeipita na wewe humu ndani," alisema. "Ungesema neno moja tu ningesimama. Ningemngoja mpaka afike." Kisha akawageukia wapakuaji. "Acheni hapo. Zilizobaki tutapakua baadaye."

Injini aliibwaga tena baiskeli yake juu ya kabichi zilizobaki, wakaondoka. Hita ilikuwa inawaka na Injini alitamani izimwe, lakini hakuthubutu kuomba kitu. Kona zilikuwa zilezile, sasa zikiwa zimechanganyika na giza la ukungu, na taa za gari ziliishia karibu na pua ya gari. Katikati ya mlima dereva aliuliza swali moja.

"Ana kitu cha kujifunika huko juu?"

"Hema ninalo mimi," Injini alisema. "Na turubai."

Dereva akakanyaga mafuta.

Baiskeli ya Dada ilikuwa imeegemezwa kwenye kibao cha njia panda, imenyooka vizuri, mikoba ya vyakula imefunikwa plastiki. Juu ya kibao palifungwa bandeji nyeupe, ndefu, inayopeperuka, ili mtu aliyepotea kwenye ukungu aione kutoka mbali. Mwenyewe hakuwapo. Injini aliruka chini kabla gari halijasimama, akazunguka kibao, akakimbia kidogo kwenye njia ya machimbo, akarudi.

"Dada!"

Dereva alipiga honi, akaiachia, akasikiliza. Akapiga tena. Kutoka chini ya barabara, mbali kwenye mteremko, kukasikika mlio mdogo wa chuma kugonga chuma, mara tatu. Waliusogelea ukingo. Tochi ilikuwa inatembea kule chini kati ya vichaka, inapanda, inateleza, inapanda tena. Dereva alilala kifudifudi kwenye tope akanyoosha mkono, Injini akanyoosha wake, na Dada akafika akashika wa dereva kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

Mkono wake mwingine ulikuwa na tochi ya chuma na kifuniko cha sufuria, kile alichokuwa akikigonga kwa tochi hiyo, na kwapani alibana mfuko wa mbolea wa rangi ya njano, umechanika, umejaa tope. Injini alikuwa amevaa koti la mvua la njano. Hakuna aliyemweleza, lakini aliutazama mfuko ule, akaelewa Dada aliona nini alipochungulia kule chini, na kwa nini aliteremka mahali ambapo mbuzi mwenyewe angefikiri mara mbili. Viganja vya Dada vilikuwa vimechanika. Magoti ya suruali yalikuwa wazi na ngozi chini yake wazi. Alifungua mdomo kusema kitu na sauti haikutoka, ilikwisha kwa kuita.

Alimwona Injini. Aliutupa ule mfuko, akamshika mabega kwa mikono yote miwili, akafunga macho kidogo. Kisha akaanza kazi.

Alimvua kofia ngumu, akampapasa kichwa, nyuma, pembeni, juu ya masikio. Akamwelekeza uso kwenye taa za gari, akafungua jicho moja kwa kidole, halafu la pili. Vidole vyake vilikuwa baridi hata havikunjiki, lakini vilikumbuka njia. Vikashuka shingoni, vikafuata mfupa wa bega la kushoto mpaka mwisho, kisha wa kulia, maana waendesha baiskeli wakianguka huvunjika hapo. Akaweka kiganja ubavuni.

"Vuta pumzi," alisema kwa mnong'ono wa kukwaruza. "Inauma?"

"Haiumi."

"Hapa?"

"Hapana."

"Uliumia wapi?"

Dereva aligeuka akatazama upande wa pili. Injini hakujibu swali hilo, na hili ndilo nisilomsamehe kabisa: alimwacha aendelee. Kwa sababu madamu ile mikono ilikuwa inatafuta, yeye alikuwa bado ni mdogo wake aliyeanguka mlimani, na alitamani kwa moyo wote uwepo mfupa mmoja, hata kidole, hata jino, uliovunjika. Hakukuwa na kitu. Dada alifungua zipu ya koti kuangalia tumbo, na mkono wake ukakutana na shati. Ulisimama pale. Shati lilikuwa kavu, limekunjuliwa kutoka kwenye mkoba, lina harufu ya sabuni ya mtu mwingine na ya moshi wa jiko.

Dada aliinua macho, akaitazama pikapu. Akamtazama dereva aliyezipa mgongo taa. Akayatazama majani ya kabichi yaliyonasa kwenye spoki za baiskeli ya Injini, kule nyuma ya gari ilikolala.

"Sikuanguka, Dada," Injini alisema.

"Najua. Ngoja nimalize."

Akapiga magoti kwenye tope, kwa magoti yake yale yaliyochubuka, akampapasa goti la kulia, akalikunja, akalinyoosha. Akafanya vivyo hivyo la kushoto, bila haraka, kama anavyompima mgonjwa yeyote aliyeletwa kwake. Injini alisimama amenyooka, akitazama kichwa cha dada yake kilicholowa, na hakujua mikono yake aiweke wapi. Machozi yalikuwa yanamtoka na alishukuru mvua.

Dada alisimama kwa kujishika kwenye kibao. Alimfunga Injini zipu ya koti mpaka kidevuni, akaifungua ile bandeji, akaikunja, akaitia mfukoni. Halafu akaishika baiskeli yake, akajaribu kuinyanyua, akashindwa. Injini alisogea.

"Kaka," Dada alimwambia dereva. "Naomba unisaidie kuipakia."

Dereva alimtazama Injini, ambaye alikuwa karibu zaidi na mwenye mikono mizima, kisha akaja akaibeba. Akamfungulia Dada mlango wa mbele, akavua kofia yake ya sufu akampa, akamfunika miguu kwa koti lake. Kiti cha mbele kilikuwa na nafasi ya watu wawili. Injini alizunguka, akapanda nyuma kwenye kabichi, bila kuambiwa na mtu.